Deseret, Utah au Sayuni: uandike jina lipi, na lini

Kijana mmoja anayetafsiri makala za historia ya dini aliniletea rasimu yake niipitie kabla haijaenda kwa mhariri. Ukurasa wa kwanza tu nikakutana na sentensi hii: "Mwaka 1849 Wamormoni walianzisha serikali yao katika Jangwa la Utah." Nikamwomba anionyeshe maandishi aliyoyatafsiri. Pale alipoweka Jangwa, palikuwa na neno Deseret.

"Nilidhani wamekosea herufi, Mwalimu," akasema. "Na kule si ni jangwa kweli?"

"Jangwa lipo, mwanangu. Lakini neno hili ni la nyuki."

Tulikaa na rasimu ile asubuhi nzima, na muda mwingi ulikwenda kwa neno hilo moja. Anayeandika kwa Kiswahili habari za Wamormoni, yaani waumini wa kanisa lililoanzishwa na Joseph Smith huko Marekani, atakutana na majina matatu yanayoelekea kutaja nchi moja: Deseret, Utah na Sayuni. Kamusi haitamsaidia kuchagua, kwa kuwa majina haya si visawe. Deseret ni jina ambalo watu wale walijipa. Utah ni jina walilopewa na Kongresi, yaani bunge la Marekani. Sayuni ni jina la kile walichokitamani, na lilihama pamoja nao kutoka mahali hadi mahali. Ushauri wangu nautanguliza: kabla ya kuandika jina, jiulize ni mwaka gani unaousimulia na ni nani anayesema. Ukishajibu hayo mawili, kazi kubwa imekwisha.

Neno lilikotoka

Katika Kitabu cha Mormoni, kimojawapo cha vitabu vitakatifu vya Wamormoni, neno deseret linatokea mara moja tu, kwenye Kitabu cha Etheri, sura ya 2, aya ya 3. Kitabu cha Mormoni kilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1830 katika mji wa Palmyra, New York, nakala 5,000. Aya hiyo inawahusu Wayaredi, watu ambao kitabu kinasema waliondoka nyakati za Mnara wa Babeli wakiwa na mifugo, ndege, samaki katika chombo cha maji, na mbegu za kila aina. Pamoja na hayo walichukua deseret, na maandishi yanaeleza papo hapo kwamba tafsiri yake ni nyuki wa asali, na kwamba ndivyo walivyosafiri na mabumba ya nyuki.

Maana, basi, imo ndani ya aya yenyewe, na hapo mwandishi awe makini. Wako wanaopenda kuongeza kwamba neno ni la Kimisri au la Kiebrania. Hugh Nibley, mwanazuoni Mmormoni wa karne ya 20, alilihusisha na neno la Misri ya kale desheret, yaani taji jekundu la Misri ya Chini, kwa hoja kwamba nyuki alikuwa alama ya mfalme wa sehemu hiyo. Waumini wengi wameipenda hoja hiyo. Lakini desheret katika Kimisri linatokana na wekundu, na nyuki ana neno lake jingine kabisa. Kwa hiyo andika hivi: "Kitabu cha Mormoni kinasema neno hili lina maana ya nyuki wa asali." Sentensi hiyo ni kweli kwa aaminiye na kwa asiyeamini. Ukiandika "kwa Kimisri Deseret ni nyuki," umeingia kwenye ubishi bila kumwambia msomaji kwamba ni ubishi.

Deseret na Utah

Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Joseph Smith aliuawa na kundi la watu wenye silaha katika gereza la Carthage, Illinois, tarehe 27 Juni 1844. Mwezi Februari 1846 wafuasi wake wakaanza kuuhama mji wao wa Nauvoo, na tarehe 24 Julai 1847 Brigham Young, kiongozi wao mpya, aliingia katika Bonde la Salt Lake. Wakati huo bonde hilo lilikuwa nchi ya Meksiko. Lilihamia mikononi mwa Marekani kwa Mkataba wa Guadalupe Hidalgo, Februari 1848. Hata hivyo hapakuwa na serikali ya Marekani iliyofika, na walowezi walikuwa wakiongezeka kila kiangazi.

Mwezi Machi 1849 wakakutana, wakaandika katiba, wakajiita Deseret, na Brigham Young akawa gavana. Chukua ramani uone ukubwa wa dai lao: karibu Utah na Nevada zote za leo, sehemu kubwa ya Arizona, vipande vya Colorado, Wyoming, Idaho, Oregon na New Mexico, na kusini mwa California hadi pwani ya Pasifiki karibu na San Diego. Walitaka bandari. Watu waliosafiri maelfu ya kilomita kwa mikokoteni ya ng'ombe walijua thamani ya njia ya majini kwa waumini wenzao waliokuwa bado wanakuja kutoka Uingereza.

Kongresi haikukubali. Watu walikuwa wachache: sensa ya 1850 ilihesabu 11,380, ilhali kawaida ilikuwa kungoja wafike 60,000 kabla ya kufikiria jimbo jipya. Tena Washington ilikuwa imenaswa katika ugomvi wa utumwa, ikipima kila kipande cha ardhi mpya kitaelemea upande gani. Tarehe 9 Septemba 1850, ndani ya yale maafikiano makubwa ya mwaka huo, likaundwa Eneo la Utah, na mipaka ikapunguzwa ikawa mbali na bahari. Utah ni jina lililotokana na Waute, mojawapo ya mataifa yaliyokuwa yakiishi kule kabla ya mkokoteni wa kwanza kufika.

Sasa maneno jimbo na eneo. Jimbo huchagua gavana wake na kupeleka maseneta wake. Eneo hupewa gavana na rais aliye mbali. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam hahitaji maelezo marefu hapa, kwa sababu historia yetu ina magavana walioteuliwa London. Uandikapo "Jimbo la Utah" kwa mwaka 1855, umewapa watu wale haki ambayo waliiomba na kunyimwa kwa karibu miaka hamsini. Na uandikapo "Jimbo la Deseret" bila maelezo, umeunda jimbo ambalo Marekani haikulitambua hata siku moja. Mimi huandika "jimbo la Deseret lililopendekezwa" mara ya kwanza, kisha Deseret peke yake.

Mwanzoni jina jipya halikuleta msukosuko mkubwa, kwa kuwa Rais Millard Fillmore alimteua Brigham Young yule yule kuwa gavana wa Eneo la Utah. Bunge la Deseret likajivunja mwaka 1851. Mji mkuu mpya ukapewa jina Fillmore, katika kaunti iliyopewa jina Millard, jina zima la rais likiwa limegawanywa kati ya mji na kaunti yake. Lakini mwaka 1857 Rais James Buchanan alimteua Alfred Cumming kushika nafasi ya Young na kumpeleka pamoja na jeshi, na ndipo maana ya neno eneo ilipoonekana wazi. Mgogoro huo unaitwa Vita vya Utah, na hapo Utah ndilo jina sahihi kwa kila hali.

Je, Deseret lilikufa mwaka 1851? Hapana, na hili ndilo linalomchanganya mtafsiri. Maombi ya kuwa jimbo ya mwaka 1856, 1862 na 1872 yalipelekwa kwa jina la Deseret. Kuanzia 1862 hadi 1870 wabunge wa Eneo la Utah walikuwa wakimaliza kikao chao cha kisheria, kisha wanakaa tena wao wenyewe kama Bunge la Deseret, wanasikiliza hotuba ya Brigham Young kama gavana wao, na kuzipitisha sheria zile zile kwa jina hilo. Kwa hiyo katika miaka hiyo minane unaweza kukuta hati mbili za watu wale wale, za majira yale yale, moja ya Utah na nyingine ya Deseret. Usizilinganishe ukadhani mmoja wa waandishi wake amekosea. Andika kila moja kwa jina lililoibeba.

Walipokubaliwa hatimaye, tarehe 4 Januari 1896, miaka mitano na kidogo baada ya Rais wa Kanisa Wilford Woodruff kutoa Manifesto ya 1890 iliyotangaza mwisho wa ndoa mpya za wake wengi, waliingia wakiwa jimbo la 45 na kwa jina Utah.

Kama ni kupanga kwa miaka, basi: kabla ya Machi 1849 usitumie lolote kati ya hayo mawili, andika Bonde la Salt Lake. Kuanzia Machi 1849 hadi Septemba 1850 andika Deseret. Baada ya hapo, serikali, sheria, jeshi, sensa na mahakama ni za Utah. Deseret linabaki pale ambapo Wamormoni wanajisemea wenyewe, au pale ambapo ni jina la kitu.

Jambo moja zaidi kuhusu Waute, na ninalisema kwa uzito. Ramani ya Deseret ilichorwa juu ya ardhi ya Waute, Washoshone, Wagoshute na Wapaiute bila kuwauliza. Ukisimulia habari kutoka upande wao, mfano vita vya kiongozi wa Waute, Wakara, mwaka 1853, Deseret ni jina la wageni, na Utah nalo ni jina lao walilogeuziwa na wengine. Hapo taja mto, bonde au ziwa. Ni njia ya uaminifu kuliko kuchagua kati ya majina mawili ya watu walioikuta nchi ikiwa na wenyewe.

Sarafu, jiwe na herufi

Anayedai kwamba baada ya 1850 Deseret lilibaki kwenye makaratasi ya bunge tu, nitamwonyesha sarafu. Ni ya dhahabu, ya dola 5, ya mwaka 1860. Upande mmoja amelala simba, na kumzunguka kuna maandishi ambayo Mmarekani wa kawaida asingeweza kuyasoma: maana yake ni "Utakatifu kwa Bwana", lakini herufi si za Kilatini. Upande wa pili kuna tai mwenye mzinga wa nyuki kifuani, na maneno yanayotaja ofisi ya Deseret ya kupima dhahabu. Dhahabu yenyewe ilitoka Pikes Peak, Colorado. Miaka kumi ilikuwa imepita tangu Kongresi iliite eneo lile Utah, na fedha mfukoni mwa mtu bado ilisema Deseret.

Liko pia jiwe. Mnara wa kumbukumbu ya George Washington, kule Washington, umejengewa ndani mawe yaliyoletwa kutoka kila upande wa nchi. Jiwe lililotoka kwa Wamormoni miaka ya mwanzo ya 1850 limechongwa mzinga wa nyuki na jina Deseret. Liko pale hadi leo. Ukiandika habari za jiwe hilo usiliite jiwe la Utah, hata kama limetolewa na watu wa Eneo la Utah, kwa sababu mtu atakayelitazama atasoma Deseret.

Zile herufi za kwenye sarafu ni alfabeti ya Deseret, na kwa msomaji wa Kiswahili ni habari tamu kuliko zote hapa. Wakuu wa Chuo Kikuu cha Deseret, kwa msukumo wa Brigham Young, walitengeneza katika miaka ya 1850 alfabeti ya herufi 38 ya kuandikia Kiingereza kama kinavyotamkwa. Mtaalamu wao mkuu alikuwa George D. Watt, Mwingereza aliyeijua vizuri hatimkato, yaani mwandiko wa haraka, ya Isaac Pitman, na aliyekuwa wa kwanza kubatizwa na wamisionari wa Kimormoni nchini Uingereza, mwaka 1837. Shida waliyotaka kuitatua ni ile inayomkuta kila mtoto wetu anapoanza Kiingereza darasani: unaona herufi, unazisoma kama zilivyo, unaambiwa umekosea. Kule walikuwako Wadenmark, Waswidi na Wawelshi waliofika bila Kiingereza, na watoto wao walihitaji kusoma upesi. Sisi tumezoea kuandika mbuzi na kusoma mbuzi, na kwa hiyo tunaweza kuelewa tamaa ile kuliko Waingereza wenyewe.

Mwaka 1868 vilichapwa vitabu viwili vya shule kwa herufi hizo, na mwaka 1869 Kitabu cha Mormoni kizima. Havikushika. Kuchapa kulikuwa ghali, magazeti na vitabu vyote vya nje viliendelea kuja kwa herufi za Kilatini, na mwaka huo huo wa 1869 reli ya kuvuka bara ilikamilika palepale Utah, ikaingiza bidhaa za mashariki kwa wingi. Young alipofariki mwaka 1877 jambo hilo lilikuwa limeisha. Tangu 2001 herufi hizo zimo katika Yunikodi, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, kwa hiyo simu yenye fonti yake inaweza kuzionyesha.

Hapa chaguo ni jepesi: andika alfabeti ya Deseret. Nimeona mahali ikiitwa "herufi za Kimormoni", na msomaji anaweza kuchukulia kwamba ndizo herufi za mabamba ya dhahabu ambayo Joseph Smith alisema aliyatafsiri. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Majina ya taasisi nayo yasiguswe. Gazeti la Deseret News lilianza tarehe 15 Juni 1850, na jina ni lile lile. Chuo Kikuu cha Deseret kilianzishwa mwaka huo huo wa 1850 na kikawa Chuo Kikuu cha Utah mwaka 1892, kwa hiyo mhitimu wa 1888 ni wa Deseret. Deseret Industries, iliyoanzishwa 1938, ni maduka ya kanisa ya mitumba yanayowapa kazi na mafunzo watu wanaotafuta pa kuanzia. Ukilitafsiri jina hilo kuwa "Viwanda vya Deseret", msomaji atatafuta moshi na mashine, kumbe ni mashati na makochi yaliyotolewa sadaka.

Sayuni

Tofauti na mawili yaliyotangulia, Sayuni ni neno letu tayari. Limo katika Zaburi, limo katika tenzi, na kwaya za Mwanza, Bukavu na Kisumu zimeliimba vizazi na vizazi. Kwa sababu hiyo hasa linahitaji uangalifu zaidi, maana msomaji anakuja akiwa na picha yake kichwani: mlima wa Yerusalemu, au mbinguni.

Kwa Wamormoni wa kwanza Sayuni lilikuwa na anwani. Mwaka 1831 Joseph Smith alitangaza kwamba mji wa Sayuni utajengwa Independence, katika Kaunti ya Jackson, Missouri. Mwaka 1833 walifukuzwa katika kaunti hiyo. Papo hapo, mwaka huo wa 1833, kulikuwa na ufunuo mwingine, ulioko katika Mafundisho na Maagano, kitabu chao kingine cha maandiko, sehemu ya 97, unaosema Sayuni ni watu: walio safi moyoni. Tangu hapo maana zote mbili zimekwenda pamoja, mahali na watu, na walipofika magharibi walilichukua jina hilo huko pia. Mwaka 1868 walianzisha ushirika mkubwa wa biashara wenye jina la Sayuni, ili waumini wanunue kwa waumini.

Deseret na Sayuni, basi, hutofautianaje? Deseret ni la kiraia: katiba, mipaka, gavana, sarafu, gazeti. Sayuni ni la kiroho hata linapotaja kijiji. Mmormoni wa 1852 angeweza kusema "ninakwenda Sayuni" akiwa Liverpool melini, na kusema "ninaishi Deseret" akiwa analipa kodi. Ukibadilishana maneno hayo, unampa mkulima kauli ya mhubiri.

Chagua Sayuni pale unaponukuu hotuba, wimbo, barua ya mwumini au wito wa kukusanyika. Liache pale unaposimulia siasa. Tena mara ya kwanza ongeza kwamba ni Sayuni ya Wamormoni, maana kusini mwa Afrika kuna makanisa mengi ya Sayuni ambayo chimbuko lake ni kanisa la John Alexander Dowie na mji wake wa Zion, Illinois, na hayo hayana undugu na Salt Lake City. Na linda herufi ya kwanza: Sayuni kwa S ni neno la Biblia, Uzayuni kwa Z ni itikadi ya kisiasa kuhusu Israeli. Kosa la herufi moja hapo linaleta maneno mengi.

Kulitafsiri au kuliacha?

Kijana wangu, baada ya kuelewa, alivuka akaenda upande wa pili. Akataka kuandika "Nchi ya Nyuki" popote palipo na Deseret. Nilimzuia, ingawa wazo lenyewe si baya. Watu wale walichagua neno ambalo jirani zao hawakulijua. Wangetaka kuiita nchi yao kwa neno la kawaida la nyuki, lilikuwapo. Ukilifungua kila mara, unaondoa ugeni waliouweka makusudi. Toa maana mara moja, mwanzoni, kisha liache jina lifanye kazi.

Kwenye aya ya Etheri mambo ni tofauti, kwa kuwa pale si jina la nchi, ni la mdudu. Andika kwa herufi ndogo, deseret, na usidondoshe "wa asali".

Picha ya mzinga inahitaji neno zaidi. Neno la kale ni nyuki, lakini nembo waliyoitumia ni mzinga: uko kwenye muhuri wa jimbo chini ya neno la bidii ya kazi, uko juu ya paa la nyumba ya Brigham Young pale Salt Lake City, na uko katikati ya bendera mpya ya Utah iliyoanza kutumika Machi 2024. Msomaji wa Tabora au Kitui akisikia mzinga anaona gogo lililotobolewa na kutundikwa mtini, na mrinaji akipanda na moshi. Mzinga wa Utah ni mwingine: ni wa majani makavu yaliyosukwa kwa mzunguko, duara juu ya duara, kama kapu lililofudikizwa juu ya meza, na kijitundu chini cha nyuki kuingilia. Sentensi moja ya maelezo inatosha, ila iwepo. Na kwa msomaji wa pwani, mzinga peke yake ni silaha. Nimewahi kusoma tafsiri iliyoiita Utah "Jimbo la Mzinga", na sura iliyofuata ilikuwa ya Vita vya Utah. Msomaji yeyote wa Mombasa au Unguja angeelewa vibaya, na lisingekuwa kosa lake. Andika "mzinga wa nyuki" kila mara, hata kama sentensi inarefuka.

Tahajia na upatanisho

Kwa mdomo, s ya Deseret husikika kama z, na mkazo uko kwenye silabi ya mwisho. Anayesema Dezereti kwa Kiswahili anaweka mkazo kwenye "re", yaani palepale pa asili, na hilo linapendeza sikio. Redioni sema hivyo bila wasiwasi. Katika maandishi mimi huacha Deseret, kwa sababu msomaji atakayetaka kutafuta gazeti, alfabeti au hati atahitaji tahajia hiyo.

Upatanisho unafuata unachokitaja. Nchi: "Deseret ilikuwa na katiba." Jimbo lililopendekezwa: "jimbo la Deseret lilikataliwa." Mdudu wa Etheri: "deseret ambaye," kwa kuwa ni kiumbe hai kama nyuki. Rasimu niliyoipitia ilikuwa na ile nchi ikiitwa "Deseret aliyekataliwa", matokeo ya kukumbuka nyuki kupita kiasi. Leo pia kuna mji mdogo unaoitwa Deseret, ndani ya ile ile Kaunti ya Millard. Ukiutaja huo, weka jina la kaunti.

Kijana aliandika upya aya yake ya kwanza tukiwa tumekaa palepale. Naiweka kama alivyoiandika, kwa ruhusa yake:

"Mwezi Machi 1849 Wamormoni waliokuwa katika Bonde la Salt Lake waliandika katiba ya nchi waliyoiita Deseret, neno ambalo Kitabu cha Mormoni kinasema lina maana ya nyuki wa asali. Kongresi ililikataa jimbo hilo na, mwezi Septemba 1850, ikaunda Eneo la Utah. Sheria na kodi zikawa za Utah. Gazeti, chuo na sarafu vikabaki vya Deseret. Na waumini waliopanda meli Liverpool mwaka uliofuata waliwaambia jamaa zao kwamba wanakwenda Sayuni."